Ulimi wa Pili: Watoto wa Afrika Wajifunzapo Kihispania Nchini Kuba

Mzazi ampelekaye mwanawe masomoni ng'ambo humfungia nguo, humpa nasaha, kisha humwombea heri ya safari. Lakini liko jambo moja lisilofungika sandukuni, nalo ni lugha ya huko aendako. Tangu mwaka 1977 maelfu ya watoto wa Kiafrika wamelikabili jambo hilo nchini Kuba, ambako kila kitu, kuanzia somo la hesabu mpaka amri ya kuzima taa bwenini, husemwa kwa Kihispania. Wengi wao walikuwa watoto wa wapiganaji, na wengine waliachwa yatima na vita. Kwa hiyo habari zao ni habari za jamaa, hasa katika nyumba ambazo baba au mama huvaa sare.

Kusini ya Kuba kipo kisiwa kimoja kikubwa kuliko Unguja kidogo, ambacho zamani kiliitwa Kisiwa cha Misonobari. Mwaka 1978 kilipewa jina jipya, Isla de la Juventud, yaani Kisiwa cha Vijana. Mji wake mkuu ni Nueva Gerona, na karibu na mji huo yangali yamesimama majengo ya mviringo ya gereza la Presidio Modelo, ambamo Fidel Castro alifungwa tangu mwaka 1953 hadi 1955. Serikali yake ilipanda katika kisiwa hicho mashamba makubwa ya machungwa na hasa ya mabalungi, kisha katikati ya mashamba ikajenga shule za bweni, kila moja ya wanafunzi mia tano au mia sita. Nusu ya siku mwanafunzi alikuwa darasani, na nusu nyingine alikuwa shambani.

Wa kwanza kufika kutoka Afrika, mwaka 1977, walikuwa watoto wa Msumbiji na Angola. Mwaka uliofuata walifika wa Namibia, na miongoni mwao walikuwamo walionusurika shambulio la Cassinga, kusini ya Angola, ambako tarehe 4 Mei 1978 majeshi ya Afrika Kusini ya makaburu yaliua mamia ya wakimbizi. Wakaja wa Ethiopia baada ya vita vya Ogaden vya mwaka 1977 na 1978. Katikati ya miaka ya 1980 walipelekwa watoto wapatao 600 wa Sudan ya Kusini, waliotolewa katika kambi za wakimbizi nchini Ethiopia, wengi wao wakiwa na baba au kaka katika jeshi la SPLA. Taifa moja liliwekwa katika shule zake, pamoja na walimu wachache wa kutoka nyumbani waliofundisha historia na lugha za kwao. Masomo mengine yote yalifundishwa na Wakuba.

Wengi walitazamia kufika katika nchi ya Wazungu. Walichokiona waliposhuka kiliwashangaza, kwani palikuwa na minazi, miembe, migomba na mihogo, na jua lilikuwa lile lile waliloliacha. Watu walikuwa wa kila rangi. Mtoto aliweza kumwona mwalimu mweusi aliyefanana kabisa na mjomba wake, akamkimbilia kwa furaha, naye mwalimu akafungua kinywa na hakueleweka hata neno moja. Ugeni wa namna hiyo ni mgumu kuliko ugeni mwingine, kwa kuwa sura inakuambia uko nyumbani ilhali masikio yanakukanusha. Sababu yake ni historia. Watu hao ni wajukuu wa Waafrika waliouzwa utumwani, na Kuba haikuufuta utumwa mpaka mwaka 1886. Lugha za mababu zao zilizimika, lakini hazikuzimika zote. Bamia huko huitwa quimbombó, neno lililovuka bahari pamoja na mateka kutoka pande za Angola. Katika mila za kale za watu wenye asili ya Kongo lipo pia neno nganga, ambalo halina haja ya kufasiriwa kwa mtu aliyewahi kusikia habari za mganga.

Majuma ya kwanza mtoto huwa kama bubu. Hutii kwa kutazama wenzake, kama kuruta wa siku ya kwanza anayefuata mguu wa aliye mbele yake kwa kuwa hajaelewa amri ya mkufunzi. Maneno ya mwanzo kuyashika si yale yaliyomo katika kitabu. Ni fila, yaani foleni. Ni comedor, chumba cha kulia. Ni silencio, kimya. Ni agua, maji. Halafu lafika shamba, na hapo ndipo lugha ilipoanza kuingia kwa kasi. Msimamizi wa Kikuba aliinua tunda akasema toronja, akaonyesha sanduku akasema caja, na panga akaliita machete. Neno lililoshikwa mkononi halitoki upesi kichwani. Walimu wengi wa lugha wanalijua jambo hilo, ingawa si wengi wenye shamba la kufundishia.

Kwa mwenye kujua Kiswahili, Kihispania hakitishi sana masikio. Irabu zake ni tano, a, e, i, o, u, nazo hutamkwa karibu sawa na zetu, bila ya yale mageuzi ya Kiingereza ambayo humfanya mtoto aandike neno moja na kusoma jingine. Mkazo wa sauti aghalabu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama katika Kiswahili. Hata kiwakilishi cha mtendaji hakihitajiki kutajwa: kama tusemavyo "ninasema" bila kuongeza "mimi", Mhispania husema hablo na yatosha, ila yeye humtia mtendaji mwishoni mwa kitenzi ilhali sisi humtia mwanzoni. Herufi ñ ni ny yetu katika neno nyanya. Matatizo hutokea kwingine. Herufi h huandikwa lakini haisikiki, hata mji mkuu Habana hutamkwa Abana. Herufi j ndiyo ichukuayo sauti ya h. Herufi v na b ni kitu kimoja sikioni, na kwa hiyo vaca, maana yake ng'ombe, husikika "baka".

Herufi r ina mtego wake. Pero ni lakini, perro yenye r ya kutetemeka ni mbwa, na pelo ni nywele. Kijana ambaye lugha ya nyumbani kwao haitenganishi sana r na l, nao ni wengi katika nchi za Maziwa Makuu, huweza kuwa na lengo la kusema "lakini" akawa amemtaja mbwa au nywele. Asione haya mno, kwani Wakuba wenyewe hawana msimamo katika jambo hili. Mlango ni puerta kitabuni, lakini mdomoni mwa watu wengi wa mitaani husikika "puelta". Herufi s mwishoni mwa silabi nayo humezwa, hata mtu akiulizwa hali yake, ¿cómo estás?, husikia kitu kama "komo ehta". Mwanafunzi aliyefaulu mtihani wa imla hutoka darasani akasimama kwenye kituo cha basi, ambalo Wakuba huliita guagua, akajiona hajui kitu.

Ipo faraja nyingine inayowapata wasemaji wa Kiswahili peke yao. Wareno walipotawala pwani ya Afrika ya Mashariki waliacha maneno kadhaa, na Kireno ni ndugu wa Kihispania. Kwa hiyo mtoto husikia mesa akajua ni meza, na bandera akajua ni bendera. Zapato, kiatu, humkumbusha sapatu za pwani, na vino ni mvinyo. Kiarabu nacho kiliwapa Wahispania maneno kama kilivyotupa sisi, kwa kuwa Waarabu waliitawala sehemu ya Hispania kwa karne nyingi. Azúcar ni sukari. Hasta, maana yake hadi, imetoka katika neno lile lile la Kiarabu lililotupa "hata" ya "hata asubuhi". Na Mkuba anaposema ojalá, akitamani jambo litokee, hutamka pasipo kufahamu neno lililo jirani wa inshallah. Lakini asizoee kubahatisha. Pera kwa Kihispania si lile tunda la mpera wetu, bali ni tunda la nchi za baridi. Pera letu, ambalo Kuba limejaa tele, huitwa guayaba. Papai ndilo lenye hatari zaidi. Kwa watu wa Havana na sehemu za jirani, neno papaya limekuwa tusi lisilotajwa mbele ya watu wa heshima, na atakaye tunda hilo sokoni huomba fruta bomba. Mwanafunzi mgeni hufundishwa hilo na wenziwe baada ya soko zima kucheka.

Sarufi ina mambo mawili yanayostahili kutajwa. Kihispania kina vitenzi viwili kwa neno moja la Kiingereza la kuwa, ser na estar, na Waingereza husumbuka navyo miaka mingi. Mswahili hupata ahueni, kwani amezoea kutenga "mwalimu ni mrefu" na "mwalimu yuko shambani". La kwanza ni ser, la pili ni estar. Walakini asitambe mapema, kwa sababu estar hushika pia hali za kupita, kama uchovu na ugonjwa, na maneno mengine hubadilika maana kwa kufuata kitenzi. Estoy listo ni "niko tayari". Kijana akisema soy listo mbele ya mwalimu, huwa amejisifu kuwa yeye ni mwerevu. Jambo la pili ni jinsi ya kike na ya kiume. Sisi tuna ngeli nyingi kuliko wao, na tumezoea sifa kufuata jina, kitabu kizuri na vitabu vizuri. Lakini kukubali kwamba meza ni mwanamke na kitabu ni mwanamume kunahitaji subira. Mkono, la mano, una mwisho wa kiume na ni wa kike. Hapo hakuna hoja ya kumwuliza mwalimu, ni kukariri tu.

Adabu huwatatiza wageni kuliko sarufi. Mtoto aliyelelewa kupiga goti au kuinamisha kichwa mbele ya wakubwa huona mwanamke wa makamo akimjia na kumbusu shavuni, kwa kuwa hiyo ndiyo salamu ya pale. Muuza mkate humwita mi amor, mpenzi wangu, naye hana nia yoyote zaidi ya kumpa mkate. Wapo vijana waliolala na furaha ya bure kwa ajili ya neno hilo, mpaka walipomsikia mama yule yule akimwita hivyo mzee wa miaka sabini. Usted, neno la heshima, lipo katika vitabu, lakini Mkuba hukimbilia tú upesi, na mwalimu huitwa profe kwa mkato. Kijana wa Kiafrika akirudi likizo na mazoea hayo huweza kuonekana nyumbani kuwa ameharibika. Huenda hajaharibika, bali amesahau kubadili gia. Vilevile aelewe kwamba ahorita, ingawa kwa umbo ni "sasa hivi", nchini Kuba maana yake ni baadaye, tena baadaye isiyo na saa.

Chakula hakikuwasumbua watoto kama ilivyohofiwa. Wali na maharage meusi hupatikana karibu kila siku, na kuna muhogo, viazi vitamu, na ndizi za kukaanga zisizo mbali na gonja. Hakuna ugali. Nyama ya nguruwe hupendwa mno na Wakuba, na kwa watoto wa Kiislamu swali la kwanza mezani lilikuwa nyama hiyo ni ya mnyama gani. Cerdo, nguruwe, likawa neno la lazima kujulikana mapema kuliko mengi mengine.

Wakuba nao waliwahi kuwa wanafunzi wa lugha yetu. Mwezi wa Aprili mwaka 1965 kikosi cha askari wa Kuba kilivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo, na wanajeshi wake walipewa majina ya vita kwa hesabu ya Kiswahili. Víctor Dreke aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili, na Ernesto Che Guevara, ingawa ndiye aliyekuwa mkuu wao, akajipa jina la Tatu. Miaka 10 baadaye maelfu kwa maelfu ya askari wa Kuba walikwenda Angola, nao hawakuondoka wote mpaka mwaka 1991. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiafrika katika Kisiwa cha Vijana hakuwa wa ajabu kwa mwalimu wake. Yamkini mwalimu huyo alikuwa na ndugu aliyekuwa akipigana Afrika wakati ule ule.

Lugha mpya haikuingia bila kulipiwa. Mtoto wa miaka 10 hushika lugha upesi kuliko mtu mzima, na kwa wepesi huo huo huweza kuiacha aliyonayo. Walimu wa kutoka nyumbani walisaidia, lakini bwenini na uwanjani watoto walizungumza Kihispania, hata wakaanza kuota ndoto kwa Kihispania. Barua zilichukua majuma mengi, na kwa watoto wa Sudan ya Kusini, ambao wazazi wao walikuwa vitani au walihama kutoka kambi hadi kambi, mara nyingi hazikufika kabisa. Wapo waliokaa karibu miaka 20 bila ya kuwaona wazazi wao, na walipokutana walikuwa watu wazima wanaotafuta maneno ya kumwamkia mama. Jambo hilo ni zito kuliko shahada yoyote. Mzazi aliye na mtoto ng'ambo leo ana simu, ambayo wale hawakuwa nayo, na dakika 10 kwa juma za mazungumzo ya lugha ya nyumbani, habari za jirani, mvua na ndama aliyezaliwa, humhifadhia mtoto kitu kisichofundishwa na mwalimu wa kigeni. Mtoto akijibu kwa maneno ya Kihispania katikati, asikemewe. Aulizwe maana yake, kisha apewe neno la kwao.

Shule za Kisiwa cha Vijana zilififia katika miaka ya 1990, baada ya Urusi ya Kisovieti kuvunjika mwaka 1991 na Kuba kupatwa na dhiki kubwa. Lakini milango haikufungwa. Mwezi wa Novemba 1999 ilifunguliwa rasmi magharibi ya Havana shule ya udaktari iitwayo Escuela Latinoamericana de Medicina, katika majengo yaliyokuwa chuo cha jeshi la majini. Ilianzishwa kwanza kwa ajili ya vijana wa Amerika ya Kusini na ya Kati baada ya tufani za mwaka 1998, kisha ikapokea na Waafrika, wa nchi za Afrika ya Mashariki wakiwamo. Kozi ni ya miaka 6, na asiyejua Kihispania hutangulia kufundishwa lugha kwa miezi kadhaa.

Mwanafunzi huyu si mtoto tena. Anakuja na Kiingereza au Kifaransa chake na cheti cha sekondari, na darasani huanza kujiamini mapema, kwa kuwa majina ya viungo na magonjwa yana asili ya Kilatini na hufanana katika lugha nyingi za Ulaya. Majaribio yake ya kweli ni katika zahanati ya mtaani, ambako daktari wa familia humchukua kwenda kuwatazama wagonjwa majumbani. Bibi kizee aliyelala kitandani hasemi maneno ya kitabu. Humeza s zake zote, hubadili r kuwa l, na husema barriga, tumbo, pale kitabu kiliposema abdomen. Asipomwelewa, mwanafunzi anaweza kuandika maumivu mahali pasipo maumivu. Basi huomba arudiwe mara ya pili na ya tatu, na kwa kawaida Wakuba hawachoki kurudia. Huongeza sauti tu, wakidhani ugeni ni uziwi.

Yabaki mambo ya kurudi. Namibia ilipopata uhuru tarehe 21 Machi 1990, lugha yake rasmi ikawa Kiingereza, na vijana waliosoma Kuba walirudi na elimu nzuri katika lugha ambayo ofisi haziitumii. Sudan ya Kusini ilipojitawala mwaka 2011 ikafanya vivyo hivyo. Wengi wa wale watoto 600 walikuwa wamehamia Kanada kabla ya hapo, wengine wakifanya kazi za vibarua ilhali walikuwa madaktari, na baadhi yao walipata mafunzo ya kurudishia ujuzi huko Kanada na nchini Kenya ndipo wakarejea kuwatibu watu wao. Huko Juba wameitwa Wakuba mpaka leo. Mdinka na Mnuer waliokua pamoja katika mashamba ya mabalungi, wakikutana njiani, husalimiana kwa Kihispania.

Kwa familia inayotarajia kumpeleka kijana huko, uko mzigo mmoja mwepesi wa kuufikiria kabla ya siku ya kurudi, nao ni karatasi. Shahada, orodha ya masomo na alama zote hutolewa kwa Kihispania. Ni vema zifasiriwe na kupigwa muhuri wakati kijana angali Kuba, karibu na chuo chake na ubalozi, kuliko kuanza kuhangaika nazo baadaye kutoka nyumbani. Na katika miaka yote ya masomo asiache kusoma vitabu vya fani yake kwa Kiingereza, hata kurasa chache kwa juma, maana baraza la madaktari la nchi yake litamhoji kwa Kiingereza.